Mwongozo kamili: Kusafisha meno ya dhahabu ya RAM bila kuila dhahabu yenyewe

Kila kiangazi, vumbi jeusi la barabara za Goma linapopanda, meza yangu hujaa kompyuta zenye ugonjwa mmoja. Unabonyeza kitufe, feni inazunguka, taa inawaka, skrini inabaki nyeusi, na ndani kunalia tii, tii, tii. Mwenye mashine huwa ameshajitibu kabla ya kuja: "Fundi, niliitoa RAM nikaisugua na gomu, ikakubali. Baada ya wiki ikagoma. Nikasugua tena. Sasa hata nikisugua haisikii."

Haisikii kwa sababu kilichokuwa kikiisaidia kimekwisha. RAM ni kadi ya kumbukumbu ya kompyuta; yale meno ya njano ya ukingoni mwake yana dhahabu kidogo mno, na gomu imeila. Nimelieleza jambo hili kwa mdomo hadi nimechoka, kwa hiyo naliandika hatua kwa hatua. Mfano wangu ni bareti ya RAM (yaani kadi moja nzima) ya kompyuta ya mezani, aina ya zile za sekretaria zetu za kuchapa na kutoa kopi. Laini za simu nimezitengea nafasi mwishoni, maana hapa mpakani zina hadithi yao.

## Vitu vya kuandaa

- Alkoli. Bora ni isopropili ya asilimia 99 wanayouza wauza vipuri vya simu. Ukiikosa, alkoli ya digrii 90 ya famasi inatosha. Ile ya 70 ina maji mengi na hukauka polepole.
- Kitambaa cha kufutia miwani, kilichofuliwa na kuanikwa ndani ya nyumba. Kikianikwa nje, upepo umeshakijaza mchanga.
- Brashi laini ambayo haijawahi kugusa rangi wala mafuta.
- Pampu ndogo ya mkono, kama ya kujazia mpira.
- Kijiti cha meno cha mbao.
- Lupe, kile kioo cha kukuza vitu vidogo. Wanunuzi wa madini wanazo na ukiomba kwa adabu utaazimwa. Kamera ya simu ikivutwa karibu nayo inasaidia.
- Kalamu na kipande cha karatasi. Usikiruke hiki, utaona kazi yake.

Alkoli yoyote usiyoijua, ijaribu kwanza: dondosha tone moja kwenye kioo safi, liache likauke lenyewe. Likiacha duara au utando, kuna kitu kimechanganywa humo, na kitu hichohicho kitabaki juu ya meno ya RAM. Tafuta chupa nyingine.

Ondoa mezani gomu, msasa, wembe, dawa ya meno, limau, siki na petroli. Limau na siki ni asidi. Zikipata mahali dhahabu ilipopasuka, zinaila nikeli na shaba iliyo chini. Dawa ya meno ina unga wa kusugulia. Na kanyanga, ndugu zangu, ni ya kunywa kwa anayeitaka. Nimewahi kuletewa bareti iliyooshwa kwa kanyanga, ikinuka vizuri na ikinata kama sukari.

## Unene wa kile unachokisafisha

Jino la RAM lina matabaka matatu: chini shaba, katikati nikeli, juu dhahabu. Kwenye bareti nzuri dhahabu hiyo ina unene wa kadiri ya mikromita 0.75. Panga matabaka 100 ya namna hiyo, ndipo yakaribie unene wa unywele mmoja. Kwenye vifaa vya bei rahisi inapakwa dhahabu ya mikromita 0.05 hadi 0.1, yaani rangi tu ya kuridhisha macho. (Wale wanaokusanya bareti mbovu wakidhani watayeyusha utajiri: bareti moja ina miligramu chache.)

Kwa nini dhahabu, wakati shaba inapitisha umeme vizuri kuliko yenyewe? Kwa sababu dhahabu haishiki kutu. RAM ya DDR4 inafanya kazi kwa volti 1.2. Swichi ya ukutani yenye volti 220 inaweza kupasua utando mwembamba wa kutu ikapita; volti 1.2 haina nguvu hizo. Utando kidogo tu, basi, na jino moja kati ya 288 linakaa kimya.

Ubaya wa dhahabu ni ulaini. Kiwandani huichanganya na kobalti au nikeli kidogo sana ili ikaze, lakini bado ni laini kuliko vumbi letu. Vumbi la Goma ni makoro, yale mawe ya volkeno, yaliyosagwa na magurudumu: vipande vidogo vya kioo cha volkeno na madini, vigumu kuliko dhahabu na kuliko nikeli pia. Anayepitisha kitambaa kikavu juu ya meno yenye vumbi hilo anapiga msasa, hata kama kitambaa ni cha hariri.

Halafu kuna hewa. Moshi wa volkeno yetu ya Nyiragongo una salfa, na ziwa linatupa unyevu. Dhahabu nzima haijali. Ila mahali penye mkwaruzo uliofika kwenye shaba, salfa na unyevu hukutana na shaba, doa jeusi linazaliwa, kisha linatambaa juu ya dhahabu iliyo jirani. Hiyo ndiyo siri ya "ilikubali wiki moja": gomu iliondoa doa na papo hapo ikapanua tundu linalolizaa.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni wa kontakti

Feni isipozunguka kabisa, anza na kisanduku cha umeme, achana na RAM. Kontakti ni pale jino la RAM linapogusana na soketi. Ikiwa mbovu ina tabia ya kigeugeu: mashine inagoma asubuhi ikiwa baridi, inakubali ikipata joto, inazima ukigonga meza, inakubali ukiiegemeza upande. Ukiona hayo, endelea.

Usiitoe RAM kwa mazoea. Soketi yake hutengenezwa kuvumilia kuingizwa na kutolewa mara 25 hivi. Narudia, 25, wala si elfu 25. Tundu la kuchajia la USB-C limetengenezwa kwa mara 10,000, kwa hiyo watu hudhani kila tundu ni hivyo. Fundi anayechomoa na kuchomeka mara kumi kwa alasiri moja, "tuone kama itakubali", amemaliza karibu nusu ya maisha ya soketi kwa mkono mmoja.

## Hatua ya 2: Toa umeme wote

Chomoa waya ukutani. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Kwenye laptopu, toa na betri kama inatoka.

Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa RAM, na urudie kila unapoinuka na kurudi. Umeme tuli wa mwilini huua chipu bila hata wewe kusikia mshtuko.

## Hatua ya 3: Vumbi litoke kabla RAM haijatoka

Hapa ndipo wengi wanageuza mpangilio. Wanachomoa bareti kwanza, vumbi lililolala juu yake linamwagikia ndani ya soketi, na wanaporudisha, chembe zile zinaburuzwa juu ya kila jino.

Peleka kasha mahali pasipo upepo. Piga pampu, huku ukishika feni kwa kidole isizunguke. Mahali palipong'ang'ania tumia brashi, ukifagia kutoka kwenye soketi kwenda nje. Usipulize kwa mdomo: mate yana maji na chumvi, na vyote viwili vitaishia pale usipotaka.

Umefaulu ukiweza kupitisha kidole kwenye ukingo wa juu wa bareti kikatoka bila weusi.

## Hatua ya 4: Chomoa mara moja, usome rangi

Fungua vishikio vya pande zote mbili, inua bareti wima, uishike kingoni. Jasho la vidole lina chumvi na mafuta, kwa hiyo meno usiyaguse. Andika tarehe kwenye karatasi: "imetolewa, mara ya 1". Mashine ikiwa imepita kwa mafundi wengine, muulize mwenyewe imetolewa mara ngapi, uongeze.

Sasa lupe. Hatua hii naipenda kuliko zote, kwa sababu meno yanasema ukweli wasioutaja wenye mashine.

Njano safi yenye mstari mmoja mwembamba katikati: bareti ni nzima. Mstari huo ni njia ya chemchemi ya soketi, yaani springi ndogo ya chuma inayobana jino, ilipopita RAM ikiingia. Ni alama ya kazi, usijaribu kuufuta.

Njano iliyofifia, kama kioo kilichopigwa moshi: ni utando wa mafuta na vumbi. Huu unasafishika, na kwa mashine nyingi kazi ni hii tu.

Nyeupe ya fedha: hiyo ni nikeli. Dhahabu imekwisha hapo. Wengi wakiona weupe unaong'aa hushangilia kwamba imetakata. Hata mimi nilikuwa hivyo. Miaka yangu ya kwanza nilisugua bareti ya mteja kwa upande wa buluu wa gomu, ule wa kufutia wino, hadi ikang'aa kama sahani mpya. Alinisifu, akanilipa, akarudi baada ya miezi miwili na doa kwenye kila jino. Upande ule wa gomu huwekwa unga mgumu makusudi ili ukwangue karatasi. Nililipa bareti nyingine mfukoni mwangu.

Nyekundu au kahawia: umefika kwenye shaba. Kijani au madoa meusi yenye ukingo: shaba imeanza kuoza na kupanda juu. Bareti ya namna hii unaweza kuisafisha ili mtu aokoe kazi zake leo, lakini mwambie aanze kutafuta nyingine. Usimuuzie matumaini.

## Hatua ya 5: Futa mara tatu, basi

Lowesha kona ya kitambaa kwa alkoli, ikamue isidondoke. Laza bareti juu ya karatasi safi. Weka kitambaa mahali meno yanapoanzia, kwenye bodi, kisha vuta kuelekea ukingoni. Inua. Hamia sehemu mpya ya kitambaa. Rudia mara tatu kwa kila upande.

Mwelekeo una sababu. Ukifuta kwenda ukingoni, uchafu unatoka nje. Ukirudi nyuma, unausukuma kwenye chipu. Ukienda na kurudi, chembe moja ya makoro iliyobaki inakwaruza mara mbili. Sehemu mpya ya kitambaa ni kwa sababu hiyohiyo.

Uzito wa mkono uwe ule wa kufuta miwani. Dhahabu inayotoka huongezeka kadiri unavyokandamiza na kadiri unavyorudia. Ukisugua kwa nguvu maradufu, unakula maradufu, na mafuta ya vidole hayakuhitaji nguvu hizo. Alkoli ndiyo inayofanya kazi.

Subiri dakika tano ikauke. Dalili ya kufaulu ni kitambaa cha mara ya tatu kutoka bila alama. Usingoje meno yang'ae kuliko mwanzo.

## Hatua ya 6: Doa lisilotoka

Kata ncha ya kijiti cha meno iwe bapa, iloweshe alkoli hadi mbao ilainike, kisha sukuma juu ya jino hilo moja tu, mara chache, kuelekea ukingoni. Mbao iliyolowa ina ugumu wa kutoa utando bila kushindana na dhahabu.

Likibaki, liache. Rudisha bareti, jaribu. Doa lililo nje ya njia ya chemchemi halizuii chochote. Gomu nyeupe laini, isiyo ya wino, ni kimbilio la mwisho kabisa kwa bareti ambayo ungeitupa vinginevyo, na hata hiyo ni mpito mmoja tu, kisha alkoli tena kuondoa mabaki yake.

## Hatua ya 7: Soketi usiichokonoe

Piga pampu kwa kuinamisha kasha ili kinachotoka kianguke nje. Imulike kwa tochi: chemchemi zote ziwe zimesimama mstari mmoja. Ukiingiza sindano, kadi au kitambaa, utaipinda moja, na chemchemi iliyopinda kwenye kartimere (bodi kuu ya kompyuta) hainyooshwi kirahisi. Kwa soketi, hewa inatosha.

## Hatua ya 8: Rudisha kwa mara moja iliyo sahihi

Linganisha pengo la bareti na kikwazo cha soketi. Shusha wima, kandamiza ncha zote mbili kwa pamoja hadi vishikio viruke vyenyewe: tak, tak. Mlio mmoja tu maana yake upande mmoja unaning'inia.

Itaonekana kuingia kwa ukaidi kuliko mwanzo. Ni kawaida. Dhahabu safi ikikutana na dhahabu safi hunatana, na zinapoburuzwa hung'oana vipande vidogo. Utando mwembamba wa mafuta wa kiwandani ndio unaopunguza mvutano huo, na wewe umeuosha kwa alkoli. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ya kuchomoa na kuchomeka "kwa uhakika" ni mara tu baada ya kusafisha. Ingiza mara moja, uiache.

## Hatua ya 9: Pima kazi yake

Multimita ya kawaida haitakusaidia hapa. Waya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko ule unaoutafuta kwenye kontakti, ambao hupimwa kwa sehemu za elfu za omu. Washa mashine. Ikikubali, endesha programu ya kupima kumbukumbu walau mzunguko mmoja mzima, bila kosa hata moja. Kisha izime ipoe kabisa, uiwashe kesho yake asubuhi. Kama ugonjwa ulikuwa wa baridi, asubuhi ndiyo shahidi.

Bandika ile karatasi ya tarehe ndani ya mfuniko wa kasha. Fundi atakayefuata atajua soketi imebakiwa na umri gani.

## Dawa mbili za mtaani zinazoharibu zaidi

Ya kwanza ni kupaka lehemu kwenye jino lililokwisha. Inakubali siku hiyohiyo, na ndiyo maana imeenea. Lakini lehemu ina bati, na bati hushika utando wa kutu kila inapotikiswa. Mbaya zaidi, bati linahamia kwenye dhahabu ya chemchemi, kwa hiyo sasa umeambukiza soketi. Bareti ungeibadilisha kwa pesa kidogo. Kartimere si pesa kidogo.

Ya pili ni kupaka vaselini au mafuta ya cherehani. Mafuta maalumu ya kontakti yapo na yanafanya kazi kwenye vifaa vilivyofungwa vizuri. Kwenye kasha lililo wazi ndani ya Goma, mafuta yoyote yanakusanya vumbi la makoro, na mchanganyiko huo ndio hasa unaotumiwa kung'arishia vyuma.

## Ikirudi tena bila mtu kuigusa

Kuna msuguano usioonekana. Mashine ikipata joto, bodi na soketi hutanuka tofauti, ikipoa hujikunja. Chemchemi inasogea juu ya jino kwa mikromita chache, mara chache zaidi makumi. Umeme ukikatika mara nne kwa siku, hiyo ni safari nne za kwenda na kurudi. Ongeza jenereta inayotetemesha meza, au mashine kubebwa juu ya pikipiki kwenye barabara ya mawe kutoka Katindo hadi Majengo. Dhahabu inatobolewa taratibu mahali palepale, na ungaunga mweusi unabaki pembeni.

Kwa hiyo: meza ya kompyuta isiguse jenereta wala ukuta wake. Betri ya kuhifadhi umeme, hata ndogo, inapunguza kuzimika ovyo. Mashine ikisafirishwa, ilazwe juu ya godoro ndani ya gari, bodi kuu ikiwa chini na RAM ikisimama. Na iinue kutoka sakafuni. Sentimita 40 tu zinapunguza vumbi sana.

## Laini za simu

Mama wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Barriere Ndogo kila siku hubadilisha laini wakiingia Gisenyi, upande wa Rwanda, na tena wakirudi jioni. Kwa siku 300 za kazi hizo ni mara 600 laini ikiburuzwa juu ya chemchemi zilezile, mara nyingi kwa vidole vyenye unga wa muhogo au mafuta ya samaki. Simu inaanza kusema hakuna laini, naye anaisugua kwenye kitenge.

Laini isafishe kama RAM: alkoli, mpito mmoja kwa mwelekeo mmoja, ikauke. Sinia yake ipulizwe kwa pampu. Njia za mistari zikionyesha weupe au wekundu, nenda kwa wakala akubadilishie kadi kwa namba ileile. Kadi mpya ni rahisi kuliko chemchemi za simu. Na kama simu yako ni ya laini moja, nunua kisimu kidogo cha vitufe kwa ajili ya ng'ambo. Laini ya Rwanda ikae humo, isitoke.